Somo la wiki: Difu ya kubana au difu loki? Pima kwanza, ndipo utoe fedha

Kila mvua zinapokolea katika nyanda za juu za Njombe, kiazi kimoja huwa na bei mbili. Bei ya kwanza ni ya shambani, ambako magunia yamefunikwa turubai yakisubiri gari. Bei ya pili ni ya Makambako, ambako mnunuzi anayepeleka mzigo Dar es Salaam anatazama saa na kuuliza kama gari la Lugarawa limeshaonekana. Tofauti ya bei hizo mbili haitokani na ubora wa kiazi bali na njia. Mwenye gari linalopita huila tofauti hiyo, na mwenye gari linalokwama huilipa.

Kwa sababu hiyo wiki hii ukurasa huu hauzungumzii riba wala hati fungani. Unazungumzia difu. Wafanyabiashara wenye pikapu za kuvuta nyuma na Canter za kubebea mazao wamekuwa wakiuliza swali lile lile: je, inafaa kuondoa difu iliyokuja na gari na kufunga ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure? Na ikiwa inafaa, ni ipi kati ya zile zinazouzwa? Fedha inayoulizwa hapa si ndogo. Kwa mfanyabiashara wa mtaji mdogo ni sawa na mzigo mzima wa viazi, na akikosea hupoteza mzigo huo bila kuusafirisha.

DIFU INAFANYA KAZI GANI

Gari linapokata kona, tairi la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kwa gari ambalo matairi yake ya nyuma yameachana mita 1.5, ukigeuza gari lote kurudi ulikotoka, tairi la nje huwa limekwenda mita 4.7 zaidi ya lile la ndani. Kama matairi hayo yangekuwa yameshikwa na chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa. Mpira ungekwisha mapema, na hafu shafti zingekuwa katika mateso kila kona.

Difu ndiyo inayotatua tatizo hilo. Propela shafti huleta nguvu kwenye pinioni, pinioni huzungusha krauni, na ndani ya krauni kuna gia ndogo, ambazo mafundi huziita spaida, zinazoruhusu kila tairi liende kwa mwendo wake. Lakini ruhusa hiyo ina gharama yake. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Haiwezi kulipa tairi la kulia zaidi ya kile ambacho tairi la kushoto limeweza kupokea. Tairi la kushoto likiingia kwenye tope la utelezi, linapokea kidogo, na la kulia nalo linapewa kidogo hicho hicho hata kama limesimama kwenye changarawe kavu. Ndipo unapoona tairi moja linazunguka na kurusha tope, na jingine limetulia kama halihusiki.

HESABU YA TAIRI MBILI

Tuchukue mfano. Pikapu yenye uzito wa tani 2.5 pamoja na mzigo inapanda mwinuko ambao kila mita 10 za kwenda mbele unapanda mita 1. Mwinuko peke yake unadai nguvu ya kilo 250 hivi. Tuseme tope linadai kilo 80 nyingine. Jumla gari linahitaji kilo 330 za kusukuma.

Sasa tairi la kushoto liko kwenye tope na linaweza kushika kilo 100 tu kabla ya kuteleza. La kulia liko kwenye changarawe na linaweza kushika kilo 500.

Difu ya kawaida: kushoto 100, kulia 100, jumla 200. Gari limekwama.

Difu ya kubana, ile ambayo mafundi huiita LSD, yenye uwezo wa kulipa tairi lenye mshiko mara 2.5 ya lile linaloteleza: kushoto 100, kulia 250, jumla 350. Gari linapita, kwa shida, lakini linapita.

Difu loki, inayofunga matairi yote mawili yazunguke pamoja: kushoto 100, kulia hadi 500, jumla 600. Gari linapita na nguvu inabaki.

Badili hali kidogo. Tairi la kushoto limeingia kwenye korongo, linaning'inia au linagusa maji matupu, mshiko wake ni kilo 20. Difu ya kawaida inatoa 40. Difu ya kubana ya mara 2.5 inatoa 70. Zote mbili zimekwama. Difu loki inatoa 520 na inatoka.

Badili tena. Matairi yote mawili yako kwenye tope lile lile. Kushoto kilo 100, kulia kilo 120. Difu ya kawaida inatoa 200. Difu loki, hata ya gharama kubwa kiasi gani, inatoa 220. Gari linahitaji 330. Zote zimekwama, na tofauti yao ni kilo 20 tu.

Msomaji alishike fungu hili kuliko mengine yote: difu haitengenezi mshiko, hugawa mshiko uliopo. Pasipokuwa na cha kugawa, fedha yako imekwenda bure.

AINA ZINAZOPATIKANA

Sokoni, na hasa kwenye spea za mitumba zinazotoka Japani na Dubai, utakutana na aina nne.

Ya kwanza ni difu ya sahani. Ndani yake kuna sahani za klachi zilizobanwa na springi. Tairi moja likitaka kukimbia, sahani hizo hulivuta lisiende mbali na mwenzake. Uzuri wake ni kwamba kwa sababu ya bano la springi, husaidia kidogo hata tairi moja linapokosa mshiko kabisa. Ubaya wake ni kwamba sahani huisha, kama klachi yoyote. Difu ya sahani iliyokwisha ni difu ya kawaida yenye jina kubwa. Aidha inataka mafuta yake maalumu yenye dawa ya kulainisha msuguano. Ukiweka mafuta yoyote tu, itanguruma na kutetemeka kila kona.

Ya pili ni difu ya gia, ambayo jina lake linalojulikana zaidi ni Torsen, iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Gleasman. Haina sahani. Gia zake za mshazari hujibana zenyewe pale nguvu inapozidi upande mmoja. Haichakai haraka, haina kelele, na kwenye lami au zege dereva hatajua kama ipo. Kasoro yake tumeiona kwenye hesabu: inazidisha mshiko wa tairi dhaifu, na sifuri ukiizidisha mara ngapi bado ni sifuri. Dereva mjuzi hupunguza kasoro hii kwa kuvuta hendibreki kidogo huku akikanyaga mafuta taratibu. Breki hulipa tairi linalozunguka kitu cha kusukumana nacho, na difu hupeleka zaidi upande wa pili. Ujanja huo hauisaidii difu ya kawaida, kwa kuwa kilichoongezwa upande mmoja huliwa na breki ya upande wa pili.

Ya tatu ni ile ya majimaji mazito ya silikoni. Inachelewa kushika, na ikipata joto kwa muda mrefu hulegea. Kwa gari la mzigo la milimani tusipoteze wino.

Ya nne ni difu loki. Zipo zinazojifunga zenyewe na zipo zinazofungwa na dereva kwa swichi, ama kwa umeme ama kwa upepo wa kompresa. Kampuni ya ARB ya Australia ndiyo iliyojipatia jina kwa zile za upepo, na baadhi ya Toyota Hilux na Land Cruiser zilitoka kiwandani zikiwa na loki ya umeme nyuma. Loki ya swichi ikiwa imezimwa, gari ni la kawaida kabisa. Ikiwashwa, matairi mawili ni kitu kimoja. Hapo usikate kona kali kwenye ardhi ngumu, maana kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachokatika, na mara nyingi ni hafu shafti.

MAGARI YA MBIO YALITUFUNDISHA NINI

Difu ya kubana haikuzaliwa kwa ajili ya viazi. Katika miaka ya 1930, magari ya mbio ya Auto Union ya Ujerumani, yaliyosanifiwa na Ferdinand Porsche, yalikuwa na nguvu nyingi kiasi kwamba tairi moja la nyuma lilikuwa likizunguka bure kila yalipotoka kwenye kona. Kiwanda cha ZF kilitengeneza difu ya kuzuia hali hiyo, na toka hapo gari la mbio la kuvuta nyuma na difu ya kubana vikawa ndugu.

Huku kwetu shule kubwa ilikuwa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa zaidi ya miaka 30 magari mengi yaliyoshinda yalikuwa ya kuvuta nyuma. Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Gari la michezo la Datsun 240Z lilishinda mwaka 1971 na 1973, na mara hiyo ya pili usukani ulikuwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Toyota Celica za kuvuta nyuma zilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986.

Lakini miaka yenye somo kwa mfanyabiashara ni 1963 na 1968. Miaka hiyo mvua ilikuwa kali, na kila mara ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Mshindi wa miaka yote miwili alikuwa mmoja, Nick Nowicki, na gari lake lilikuwa Peugeot 404, gari la familia. Magari mengi yenye nguvu kubwa zaidi hayakufika mwisho.

Tena, magari mengi ya mashindano yale yalifungwa vishikio na vikanyagio nyuma. Yakifika kwenye tope, msaidizi wa dereva alishuka, akasimama juu ya bampa na kuruka-ruka, ili uzito wake ukandamize matairi yanayovuta. Waliokuwa na mafundi bora na spea zote za dunia bado walijua kwamba mshiko unatoka kwenye uzito na tairi. Hatusemi utingo wako asimame kwenye bampa. Tunasema ujifunze kutoka kwa waliotangulia: kwanza mshiko, ndipo mgawo.

NJIA YA LUGARAWA NA HATARI YA UBAVU

Sasa tutazame njia yetu. Mzigo wa Lugarawa hutoka kwenye njia za udongo za mashambani, ukaifuata barabara ya Mkiu–Lugarawa–Madaba, kisha ukaingia kwenye barabara ya Itoni–Ludewa–Manda, na kupitia Itoni ukafika Njombe mjini. Kutoka Njombe hadi Makambako ni lami, kama kilomita 60. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, cha kilomita 50, kimejengwa kwa zege, jambo ambalo limebadili hesabu za wasafirishaji wa Ludewa. Kwa hiyo gari moja linakutana na mambo matatu katika safari moja: udongo mwekundu wenye utelezi, miinuko mikali, na sakafu ngumu.

Udongo huo una tabia moja ambayo muuzaji wa spea hatakuambia. Njia nyingi za milimani zimeinuka katikati au zimelalia upande wa bonde. Gari lenye difu ya kawaida likiteleza, tairi moja linazunguka na jingine limesimama. Lile lililosimama halisukumi, lakini linafanya kazi moja kubwa: linashika ardhi kwa ubavu na kuzuia mkia wa gari usiserereke. Ukiwa na difu ya kubana kali au loki iliyofungwa, matairi yote mawili yanazunguka kwa pamoja. Hapo hakuna linaloshika ubavu. Mkia wa gari hufuata mlalo wa njia, yaani kwenye mtaro au kwenye bonde.

Kwa dereva wa mbio mkia kuserereka ni sehemu ya kazi yake. Kwa Canter yenye magunia ya lumbesa yaliyopanda juu ya kichwa cha gari, ni ajali. Kwa hiyo gari la mzigo lisifungwe difu ya kubana iliyokazwa kwa kiwango cha mbio, hata kama muuzaji anaisifu. Bano la wastani linatosha. Na loki ya swichi iwashwe kabla ya kuingia kwenye tope, kwa mwendo wa kutembea, gari likiwa limenyooka, na izimwe mara baada ya kutoka. Dereva anayeisahau ikiwa imewashwa, na anayeiwasha wakati tairi linazunguka kwa kasi, wote wawili watakuletea hafu shafti mkononi.

USINUNUE JINA, NUNUA KITU

Mwandishi wa ukurasa huu aliwahi kulipa ada ya somo hili. Alinunua difu ya mitumba kwa muuzaji ambaye hatumtaji, ikiwa na alama ya LSD iliyoandikwa kwa rangi kwenye ganda. Ikafungwa Ijumaa, na Jumapili gari likapakiwa viazi. Kwenye mwinuko wa kwanza wenye tope tairi la kushoto likaanza kurusha udongo, la kulia likatulia. Siku mbili pale. Mvua haikukata, turubai lilikuwa na tundu, na gunia za chini zilianza kutoa maji. Ilipofunguliwa baadaye, sahani zilikuwa laini kama sarafu ya zamani. Kilichonunuliwa kilikuwa rangi iliyoandikwa kwenye ganda.

Epuka hasara hiyo kwa vipimo vifuatavyo.

Kwanza, difu ikiwa bado kwenye gari la kukatwa, inua matairi yote mawili ya nyuma kwa jeki, weka stendi madhubuti na kinga matairi ya mbele, gia iwe huru, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. Lile jingine likizunguka kinyume kwa ulaini, hiyo ni difu ya kawaida, au ya sahani zilizokwisha. Likizunguka upande ule ule, au likiwa gumu kuzunguka, sahani bado zina bano. Kwa difu ya gia kipimo hiki hakitoshi, kwa sababu bila mzigo nayo huweza kuzunguka kinyume. Hiyo ifunguliwe uone gia zake kwa macho.

Pili, kipimo cha uhakika zaidi ni spana ya kupimia nguvu. Tairi moja likiwa chini na jingine limeinuliwa, gia huru, hendibreki imeachiwa na matairi ya mbele yamekingwa barabara, fundi hupima nguvu inayohitajika kulizungusha lile lililoinuliwa, kisha hulinganisha na kitabu cha gari husika. Na onyo: gari lenye difu ya kubana au loki usiliwashe na kuliweka gia wakati tairi moja tu limeinuliwa. Lile lililo chini litalisukuma gari na kuliangusha kutoka kwenye jeki, na fundi yuko chini yake.

Tatu, hesabu meno. Uwiano wa krauni na pinioni usipolingana na ule wa difu yako, gari litabadilika mwendo na nguvu ya kupanda, na mita ya spidi inaweza kusema uongo. Kwa gari la kuvuta magurudumu yote, uwiano wa mbele na nyuma usipokuwa sawa utavunja vyombo.

Nne, linganisha meno ya hafu shafti na ukubwa wa bearing. Difu mbili za Toyota zinaweza kufanana kwa sura na zisiingiliane.

Tano, mchague fundi kabla ya kuichagua difu. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni kwa difu nyingi za Toyota ni kati ya milimita 0.13 na 0.18. Kitu hicho hakipimwi kwa kidole wala kwa kusikiliza. Fundi asiye na saa ya kupimia, na asiyepaka rangi kwenye meno ili kuona yanavyogusana, atakufungia difu itakayolia kabla ya mwezi kwisha. Mwambie pia akurudishie difu yako ya zamani. Usiiuze. Siku utakapouza gari utairudisha, na ile ya kubana utaiuza peke yake au utaihamishia gari jingine.

JE, INALIPA?

Hapa ndipo wengi hukisia. Chukua daftari la shilingi chache. Kwa msimu mmoja wa mvua dereva aandike kila mara gari linapokwama: mahali, mzigo, na jambo moja muhimu, je, lilizunguka tairi moja au yote mawili?

Tutoe mfano wa hesabu. Namba hizi ni za kufundishia tu, weka zako. Tuseme kukwama mara moja kunakugharimu shilingi 200,000, ukijumlisha trekta la kuvuta, posho, viazi vilivyoharibika na safari iliyopotea. Kwa msimu umekwama mara 10: mara 4 tairi moja, mara 5 matairi yote, mara 1 ubovu mwingine.

Difu ya kubana pamoja na ufundi na mafuta ni shilingi 1,600,000. Itakuokoa labda mara 3 kati ya zile 4 za tairi moja, yaani shilingi 600,000 kwa msimu. Fedha yako inarudi baada ya karibu misimu 3.

Matairi mawili ya nyuma yenye meno ya tope ni shilingi 700,000. Yatakuokoa tuseme mara 3 kati ya zile 5, na mara 1 kati ya zile za tairi moja, yaani shilingi 800,000. Fedha imerudi ndani ya msimu mmoja.

Kwa daftari hilo, mwenye busara ananunua matairi kwanza. Tena mara 1 ya tairi moja ikishaokolewa na matairi, difu inabakiwa na kazi ndogo zaidi: tuseme mara 2, shilingi 400,000, na fedha inarudi baada ya misimu 4.

Lakini daftari likisema kinyume, kwamba kati ya mara 10, mara 8 lilizunguka tairi moja tu, difu ikaokoa mara 6, hapo ni shilingi 1,200,000 kwa msimu. Fedha inarudi kabla ya msimu wa pili kwisha. Difu ni ile ile, bei ni ile ile, na jibu limegeuka kwa sababu ya maandishi ya dereva.

Wale wanaochangia mtaji katika gari la mtu mwingine walishike hili pia. Mwenye gari akikuomba uchangie difu mpya, muombe daftari. Asiye na daftari anakuuzia matumaini.

Na kabla ya daftari kujaa, yapo mambo yasiyo na gharama kubwa: cheni za matairi, koleo, mbao mbili, na upakiaji. Magunia mazito yakae juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Yakirundikwa nyuma ya ekseli, pua ya gari huinuka na usukani hupoteza utii. Lumbesa, mbali na kumpunja mkulima, huinua uzito juu na kulifanya gari lilale ubavu mapema zaidi.

KWA WENYE MAGARI MADOGO YA MBIO

Wapo vijana wa Njombe na Makambako wenye Altezza na Mark II, magari ya kuvuta nyuma, ambao nao wameuliza. Kwao jibu ni fupi. Gari la lami na zege, linalotafuta utulivu kwenye kona na si kutoka kwenye korongo, linafaa difu ya gia. Baadhi ya Altezza RS200 zilitoka kiwandani zikiwa na Torsen, kwa hiyo kagua kwanza, huenda unataka kununua kitu ambacho tayari unacho. Difu ya sahani iliyokazwa ni ya uwanja wa mashindano. Mjini italia, na kwenye mvua itauzungusha mkia wa gari kwenye mzunguko wa barabara mbele ya watu. Loki si ya gari hilo.

UAMUZI KWA UFUPI

Gari lako likizungusha matairi yote mawili: nunua matairi na cheni, acha difu.

Likizungusha tairi moja kwenye tope la kawaida, na safari yako ni nusu udongo nusu zege: difu ya sahani yenye bano la wastani, mafuta yake sahihi, na akiba ya kubadili sahani.

Likiwa la mwendo mrefu wa lami na zege, tope ni la siku chache: difu ya gia.

Likiingia makorongo ambako tairi huning'inia, na una dereva mmoja unayemwamini: loki ya swichi. Ukiwa na madereva wa kubadilishana kila wiki, iache.

Likiwa na fundi wa kubahatisha: usinunue yoyote hadi umpate fundi.

Mvua inanyesha kwa mwenye gari zuri na kwa mwenye gari bovu. Kati yao atakayefika Makambako bei ikiwa bado juu ni yule aliyejua, kabla ya kutoa fedha, gari lake hukwama kwa namna gani. Anza kuandika leo. Tukutane wiki ijayo.